Kulenga shabaha ukiwa unahema, na ukiwa unaogopa

Nafundisha askari wa wanyamapori hapa Tabora, wale wanaokwenda doria kwenye miombo ya Ugalla. Swali la makuruta ni lile lile: "Afande, nikitulia napiga katikati, mbona nikikimbia kidogo tu nakosa?" Huwa tunaangalia kwanza karatasi yake ya shabaha.

Matundu yakipangana juu na chini, shida ni pumzi. Ukilala kifudifudi, kifua kikijaa hewa mtutu unashuka, ukiitoa unapanda. Ni kidogo mno, lakini kama ncha ya kulengea ya mbele iko nusu mita kutoka tundu la nyuma la kuchungulia, kosa la milimita 1 linakuwa sentimita 10 kwenye shabaha ya mita 50. Wengi hudhani dawa ni kubana pumzi. Hapana. Ukiibana sana macho yanafifia na mikono inazidi kutetemeka. Vuta pumzi nzito mbili tatu, itoe, halafu fyatua katika kile kituo kifupi kabla hujavuta nyingine. Moyo uache udunde. Wanamichezo wa bayathloni, wanaoteleza kwenye theluji kisha kulenga, hufika kwenye mstari moyo ukiwa bado mbio, na shabaha yao ya kulala, umbali wa mita 50, ina kipenyo cha milimita 45 tu. Hawasubiri moyo utulie kabisa.

Hofu ni jambo jingine, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Mbogo aliyejeruhiwa akichomoka kichakani, hujakimbia hata hatua moja, lakini vidole vimekufa ganzi, masikio yameziba, na macho yamemganda mnyama. Jicho haliwezi kuona vizuri cha karibu na cha mbali kwa mara moja. Anayemkodolea mbogo ameshaipoteza ncha ya kulengea. Kisha anaikwapua triga badala ya kuikamua taratibu.

Mtu hakubali kwamba anakwapua mpaka ajionee mwenyewe. Kwa hiyo magazini, kile kisanduku cha risasi, napakia mwenyewe, na kati ya risasi za kweli nachomeka moja bandia bila kumwambia ipo wapi. Ikifika zamu yake inasikika "ka!" basi, na mtutu unachovya chini mbele ya wote. Hakuna kishindo wala teke la kusingizia. Mwili umejikunja wenyewe mapema. Hapo sitoi risasi nyingine. Tunarudi kwenye bunduki tupu iliyokaguliwa, sarafu imelazwa juu ya mtutu, anakamua triga mpaka sarafu isidondoke. Akishaweza ndipo anakimbia kwenye mchanga, nami nyuma yake nikimpigia kelele, kisha analenga.

Katika mbio hizo kidole hakigusi triga, kimenyooka ubavuni mwa bunduki. Mtu akijikwaa kwenye kisiki, mikono yote miwili hukaza yenyewe, na kwenye doria mbele yake yupo mwenzake. Nikiona kidole ndani, namsimamisha hapo hapo, hata kama amebakiza hatua chache kufika kwenye mstari.