Trei za plastiki badala ya vyuma vya meno: maswali na majibu

Plastiki laini inawezaje kusogeza jino?

Trei, yaani kifuniko chembamba cha plastiki kinachovaliwa juu ya meno ili kuyanyoosha, haifuati mpangilio wa meno yako kama ulivyo leo. Imetangulia kidogo, kuelekea mpangilio unaotakiwa. Ukiivaa inatanuka, kisha inavuta kurudi kwenye umbo lake, na jino linasukumwa. Kule jino linakoelekea mwili hupunguza mfupa wa taya, na nyuma yake hujenga mwingine. Trei moja husogeza jino kwa takriban robo milimita tu, ndiyo maana unapewa nyingi na kuzibadilisha kila baada ya wiki 1 au 2.

Kwa nini daktari amenibandika vinundu kwenye meno?

Ili trei ipate pa kushika. Chonge ni jino la mviringo, na ukitaka kulizungusha plastiki huteleza. Vinundu hivyo, vya rangi ya jino, hubanduliwa mwishoni. Kikidondoka mapema, mjulishe daktari.

Nivae saa ngapi kwa siku?

Saa 20 hadi 22. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Vyuma vimegandishwa, vinafanya kazi utake usitake. Trei inafanya kazi ikiwa mdomoni tu. Milo 3 ya nusu saa, na mswaki baada ya kila mlo, tayari saa 2 zimekwisha. Kahawa ya kunywa polepole ofisini huku trei iko mezani ndiyo inayovuruga hesabu. (Na ukiitoa, iweke kwenye kikasha chake. Trei zinazofungwa kwenye tishu huishia kwenye pipa la taka.)

Nitajuaje kwamba mambo hayaendi sawa?

Simama mbele ya kioo penye mwanga. Ukiona mwanya wa hewa kati ya ncha ya jino na plastiki, jino limebaki nyuma. Siku ya kwanza ya trei mpya mwanya mdogo si ajabu: ukiwa umeivaa, ng'ata kipande laini cha kung'atia, cha kuikandamiza trei kwenye meno, kwa dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku. Ukiendelea kuonekana hadi siku ya kubadilisha, usihamie trei inayofuata. Baki na hiyo na umpigie daktari. Ukilazimisha, mwanya unakua kwa kila trei, na mwishowe meno hupimwa upya na trei nyingine kutengenezwa.

Trei ikipotea?

Mpigie daktari siku hiyohiyo. Atakuambia urudie iliyotangulia au uvae inayofuata, kwa hiyo usitupe ya zamani.

Naweza kunywa chai nikiwa nimeivaa?

Hapana, maji ya kawaida tu. Sukari hunaswa kati ya plastiki na jino, mahali mate hayafiki kusafisha, na jino huoza. Joto nalo hupinda trei; isafishe kwa mswaki laini na maji yasiyo moto.

Nani bado anafaa vyuma?

Mwenye meno ya kuzungushwa sana, au mwenye mapengo makubwa ya kuziba baada ya kung'olewa meno. Tatizo likiwa la mifupa ya taya yenyewe, trei peke yake haitoshi. Mwenye ugonjwa wa fizi atibiwe kwanza, achague vyuma au trei.

Nikimaliza nimemaliza?

Hapana. Meno hurudi yalikotoka, kwa hiyo utapewa kishikizi, kifaa cha kuyashikilia meno mahali papya: utakivaa kwanza kwa saa nyingi, kisha usiku, kwa miaka.