Umri si Tarehe: Kuhusu Maporomoko ya Kale ya Mlimani

Kubaini tarehe ya maporomoko ya kale ya tope na mawe ni kutafuta, kwa alama zilizobaki mlimani, mwaka ambao tope lile lilishuka. Maana yenyewe ni hiyo tu. Linaloniudhi ni kusikia, kila mara, kwamba kipande cha mti kimefukuliwa ndani ya tope lililokauka, kikapimwa kwa kaboni, yaani kwa kukadiria umri wake kutokana na kaboni ya mionzi iliyobaki ndani yake, na umri huo ukatangazwa kuwa ndio umri wa maporomoko.

Neno "umri" asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya maisha, yaani muda ambao kitu kimeishi. "Tarehe" nalo limetokana na taarikh, neno ambalo Waarabu hulitumia kwa siku ya tukio na kwa historia yenyewe. Basi mti una umri, na maporomoko yana tarehe.

Chukua Mlima Hanang, ambao tarehe 3 Desemba 2023 uliteremsha tope, mawe na magogo hadi mji wa Katesh. Tuseme gogo mojawapo lilikuwa la mti ulioishi miaka 200. Kaboni ya kiini chake ilifungika humo mti ungali mche, kwa hiyo atakayekipima kiini hicho siku za usoni atapata jibu linalolitangulia tukio kwa karne mbili, na mashine yake itakuwa imesema kweli kuhusu mti, si kuhusu tope.

Mti ulionusurika hutoa ushahidi ulio bora zaidi. Huko Ritigraben, katika milima ya Alps nchini Uswisi, mtafiti Markus Stoffel na wenzake walisoma miti iliyogongwa na mawe bila kufa: gome huchubuka, mti huanza kulifunika donda, na kovu hubaki ndani ya pete, yaani duara la mbao ambalo mti huongeza kila mwaka, ya mwaka uleule. Kwa kuhesabu pete kutoka kwenye gome kuelekea ndani, walipata historia ya zaidi ya miaka 400. Kwetu njia hiyo inahitaji uangalifu, kwa kuwa miti mingi ya ukanda wa joto haifanyi pete moja kila mwaka.

Mti ulioota juu ya tope, nao, huonyesha tu kwamba tope lilikuwapo kabla yake.

Kwa hiyo aliyepima gogo lililofukiwa na asiandike "maporomoko haya yana umri wa miaka 600"; aandike "maporomoko haya yalitokea baada ya mti huu kuota, ndani ya miaka 600 iliyopita".