Mteremko unakula mapaja

Juma hili tena, kijana mwenye pumzi nzuri kabisa ananiambia: "Kocha, mu kupanda ndiko kuna kazi, mu kushuka tunapumuzika tu." Nimechoka kulisikia. Hapa Bukavu kila anayekimbia anaamini kwamba, kwa vile amekulia mlimani, mbio za vilima ni zake tayari. Anahesabu mipando. Mteremko anaupokea kama zawadi.

Kinachomdanganya ni pumzi. Ukishuka, moyo unatulia, unaweza hata kupiga soga na mwenzako. Lakini kila mguu unapogusa chini, msuli wa mbele ya paja unajikaza huku unavutwa urefuke, ili goti lisikunjike ukaanguka. Hiyo ndiyo breki yako. Na msuli unaokazwa huku unarefushwa huumia ndani, kwenye nyuzi zake ndogo, kuliko ule unaojifupisha wakati wa kupanda. Siku ile husikii kitu. Kesho yake, au keshokutwa, ndipo unatafuta ukuta wa kushikilia ili ushuke ngazi mbili za nyumba. Mbio zikiwa ndefu sana, deni hilo halingoji kesho: linadaiwa hukohuko njiani.

Angalieni mbio za Comrades za Afrika Kusini, kama kilomita 90 kati ya Pietermaritzburg na Durban, zilizoanza 1921. Kuna miaka ya kupanda na miaka ya kushuka. Kwa kawaida ni Juni, lakini mwaka 2022 zilikimbiwa tarehe 28 Agosti, baridi ya kule ikiwa inaisha, tena zilikuwa za kushuka. Unaanza gizani, zaidi ya mita 600 juu ya bahari, unatetemeka. Unamaliza Durban, karibu na bahari, jua limekukalia kichwani. (Nguo: vaa fulana kuukuu ya kutupa njiani. Basi.) Sasa, "kushuka" huko kuna Inchanga na Botha's Hill za kupanda kwanza. Halafu, ukiwa umeshamaliza zaidi ya kilomita 60, inakuja Fields Hill: mteremko mkali wa karibu kilomita 3. Hapo ndipo mtu mwenye mapafu mazima kabisa anaanza kutembea, na mbele bado kuna Cowies Hill ya kupanda. Tete Dijana alishinda mwaka ule kwa saa 5, dakika 30 na sekunde 38. Mwambieni yeye kwamba alikuwa anapumzika.

"Lakini sisi tunashuka kila siku toka Kadutu, kule mtaani juu mlimani." Unatembea, ndugu yangu! Tena na mfuko wa unga mkononi. Kukimbia ni jambo lingine.

Habari njema ni kwamba paja linajifunza haraka. Ukiliumiza kidogo kwa mteremko mmoja wa kweli, linajikinga kwa majuma kadhaa. Safari ya pili haliumi vile. Kwa hiyo anza na mteremko mfupi, uurefushe polepole. Hatua ziwe fupi na za haraka, usiurushe mguu mbali mbele, usiegemee nyuma kama unayevutwa shati. Agosti yetu ni vumbi na changarawe inayoteleza, basi chagua lami, alfajiri, kabla motari, wale wa pikipiki za abiria, hawajajaa barabarani.

Nisichoweza kuwaapia ni lini ufanye mteremko mkali wa mwisho kabla ya mashindano. Mimi nasema majuma mawili au matatu. Nina wakimbiaji ambao siku kumi ziliwatosha, na wengine ambao majuma matatu hayakuwatosha, na mazoezi yalikuwa yaleyale. Na kule kunyoosha misuli kabla ya kushuka, ninawaacha wafanye kwa sababu wanapenda; sijaona paja lililookolewa nako.

Siku hizi wanaofanya mazoezi kwangu wanapanda mlima kwa motari, wanashuka wakikimbia. Wazazi wao wananilalamikia nauli.