Kununua nyumba "kama ilivyo": unachokubali na usichokubali

"Nyumba inauzwa kama ilivyo." Dalali akishasema hivyo, wanunuzi wengi hapa Mwanza husikia jambo moja tu: bei imeshuka. Kisheria maneno hayo yana uzito, ila si mpana kama wauzaji wengine wanavyotaka uamini.

Unachokubali ni hali ya jengo. Bati lenye kutu, kenchi zilizoliwa na mchwa, sakafu iliyotitia: hayo sasa ni yako. Hujakubali kudanganywa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inahesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa ni udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kuuvunja mkataba. Muuzaji aliyenyamaza tu ni habari nyingine. Kama kasoro ungeigundua mwenyewe kwa uangalifu wa kawaida, usitegemee sana mahakama ikuokoe.

Kwa hiyo kagua, tena ukiwa na fundi wako, si wa dalali. Katika kata ya Mabatini na kando ya Mto Mirongo, anzia chini ya kuta. Rangi mpya iliyoishia usawa wa goti, huku juu ni ya zamani, mara nyingi inafunika alama ya mafuriko. Gonga plasta kwa vidole. Ikilia kama debe tupu, imeachana na tofali. Vilimani, kama Bugarika, zunguka nyuma ya nyumba uutazame ukuta unaozuia udongo: umetoa tumbo? Una matundu ya kutolea maji? Uliza pia karo la choo liko wapi. Kuchimba kwenye mwamba ni gharama, na kuna nyumba zinazotumia karo la jirani kwa makubaliano ya mdomo. Rudi tena mvua ikinyesha, hata kama dalali anakuharakisha.

Nyumba za ufukweni zinanitia wasiwasi zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Mwaka 2020, na tena 2024, Ziwa Victoria lilipanda mno. Pima umbali huo mwenyewe kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika bei.

Umiliki nao haumo kabisa katika "kama ilivyo". Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unaonyesha mmeandikiana mbele yake, hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye mali. Fanya upekuzi, yaani angalia kumbukumbu za umiliki, kwa Msajili wa Hati. Ikiwa ni nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza. Ipate kwa maandishi.

Nawe unayeuza, usijifiche nyuma ya neno hilo. Orodhesha kasoro unazozijua ndani ya mkataba: paa linavuja chumba cha pili, ukuta wa nyuma una ufa, maji huingia uani wakati wa masika. Mnunuzi asaini ukurasa huo. Bei inaweza kupungua kidogo, lakini hataweza kusema kesho kwamba ulimficha.