Namba E sio afya ya gari

Jamani, nimechoka na wateja wa magari ya mtumba. Kila mmoja: "Fundi nimepata Toyota IST, namba E, bado mpya kabisa." Mpya wapi? Hiyo herufi ya kwenye pleti ya namba inakwambia gari imesajiliwa lini hapa Tanzania, basi. IST ya 2004 iliyozunguka Japani miaka yote hiyo ikaja kushuka bandarini juzi inapewa E, na ya 2007 iliyoingia zamani ina C, sasa mzee hapo ni nani? Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi, soma kadi kabla hujaanza kumsifia dalali.

Ukishamtoa mtu kwenye namba anahamia kwenye kilomita. Dashibodi inasema elfu 58, ila raba ya pedo ya breki imelika ikawa laini na stelingi inang'aa kama imepakwa mafuta, hivi kweli? Ingawa na hizo zinabadilishwaga siku hizi, kwa hiyo nazo usiziapie.

Mimi nataka injini ya baridi. Muuzaji akikwambia "nimeshaipasha" rudi kesho asubuhi, gusa boneti kwanza. Iwashe wewe. Moshi wa bluu inakula oili, cheni ya ndani ya injini ikigonga gonga mwanzoni kuna kazi inakusubiri. Fungua mfuniko wa rejeta (ya baridi, usije ukaungua ukanilaumu), maji yakiwa na rangi ya chai ujue imenyweshwa maji ya bomba miaka na kutu imeshaanza kula.

Na themostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto! Gari inachemsha, fundi anaitoa, "Dar joto, haina kazi", tatizo lenyewe limebaki palepale, ila sasa injini haifiki joto lake na mafuta inakunywa balaa. Vitz nyingi hazina mshale wa joto, zina taa tu, kwa hiyo endesha uangalie ile ya bluu, inayowaka injini ikiwa baridi. Ikikaa muda mrefu haizimi na jua lote hili, kuna mtu kashaitoa, muulize alikuwa anaficha nini.

Gia boksi za CVT (otomatiki za mkanda, zisizo na gia za hatua hatua) sijifanyi mjuzi. Ikitetemeka inapoondoka achana nayo. Isipotetemeka inaweza ikaenda miaka mitano au ikafa Krismasi, na fundi anayekuhakikishia kwa kuisikiliza tu anakupiga kamba.

Ila kutetema kwa Vitz ya pistoni tatu ikiwa imesimama ni kawaida yake. Ikizidi sana angalia mauntingi (raba zinazoshikilia injini), usikubali kuuziwa injini nyingine.