Simulizi ya mizimu mbele ya kamera ni nini hasa

Ukimwambia mtu kuna simulizi ya mizimu kwenye kamera, moja kwa moja anawaza muvi ya kutisha, milango inajifunga yenyewe, mtu kapakwa unga usoni, damu kila mahali. Hii ni kitu kingine kabisa. Hapa kuna mtu mmoja, kiti na kamera basi, na huyo mtu ndo aliyeitunga hadithi, anakaa anakutazama machoni anakusimulia mpaka mwisho. Mzimu wenyewe huuoni hata sekunde moja, unausikia tu kwa mdomo wake, kilichobaki unakijaza mwenyewe kichwani na hapo ndo hofu inapoanzia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Algernon Blackwood, Mwingereza aliyezaliwa 1869. Kabla ya uandishi jamaa alishahangaika sana, alijaribu biashara ya maziwa Kanada, akaendesha hoteli, akawa ripota wa magazeti New York, baadaye ndo akarudi Uingereza na mwaka 1906 akatoa kitabu chake cha kwanza cha hadithi za mizimu. BBC ilipoanza rasmi matangazo ya tivii tarehe 2 Novemba 1936 kutoka Alexandra Palace, London, yeye alikuwemo siku hiyohiyo kwenye kipindi cha Picture Page. Tivii ikafungwa Septemba 1939 sababu ya vita, ikarudi Juni 1946, na mzee naye akarudi kusimulia, ana miaka sabini na kitu.

Sasa kwa nini hii kitu iliendana na tivii ya wakati ule? Skrini ilikuwa ndogo, picha nyeusi na nyeupe iliyochorwa kwa mistari 405 tu, mambo yanaenda laivu hakuna kurudia. Ukijaza waigizaji kwenye kiskrini kile sura zao utazitafuta, lakini uso wa mzee mmoja unakijaza chote, na Blackwood alikuwa na uso wa kazi hiyo, mrefu, umejaa mikunjo, kichwa kipara, macho hayana haraka.

Halafu kusimulia sio kusoma, hapa watu wanachanganya sana. M. R. James, mwandishi mwingine Mwingereza, alikuwa anawasomea rafiki zake hadithi zake za mizimu wakati wa Krismasi pale King's College, Cambridge, ni nzuri mno lakini msomaji lazima ashushe macho kwenye karatasi, na kila akishusha wewe unapata nafasi ya kupumua. Msimuliaji hakupi hiyo nafasi.

Ila na yeye ana shida yake. Bibi akisema paukwa watoto wanaitika pakawa, akiona wameanza kusinzia anapandisha sauti, akiona wameogopa sana anapunguza. Kamera haiitiki. Inabidi msimuliaji wa tivii akisie mwenyewe ni wapi umeshaanza kuogopa, anyamaze pale kidogo, asinyamaze sana maana mtu sebuleni atadhani tivii imeharibika, ndo aendelee. Kwangu mimi huo ukimya uliopimwa ndo ufundi mkubwa kuliko hata sauti.

Kwa bahati mbaya vipindi vingi vya aina hiyo vilipotea palepale vilipoishia, maana Uingereza mpaka 1947 ndo walianza kuirekodi tivii kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye skrini. Afadhali mwaka 1949, mzee akiwa na miaka 80, alipigwa filamu mbili fupi za sinema, Lock Your Door na The Reformation of St Jules, na zipo mpaka leo, BFI, yaani taasisi ya filamu ya Uingereza, walizitoa tena 2020 kwenye mkusanyiko ambao ndani yake kuna pia The Tell-Tale Heart ya 1953, Stanley Baker akiielezea hadithi ya mwandishi wa Marekani Edgar Allan Poe. Ukiweza ziangalie zikifuatana. Baker ni mwigizaji, kavaa wazimu wa mtu mwingine na anautoa kwa nguvu zote, wakati Blackwood anaongea taratibu kama shahidi aliyekuwepo, na mimi ninayemwogopa ni Blackwood.