Mtoto wa paka anakojoa nje ya beseni lake: maswali na majibu

Nimemleta mtoto wa paka nyumbani wiki iliyopita. Beseni la mchanga analo, lakini anakwenda kukojoa nyuma ya kochi. Ni ukaidi?

Si ukaidi. Paka huzaliwa na hamu ya kuchimba na kufukia, kwa hiyo kufukia hakuhitaji kufundishwa. Anachohitaji ni kuonyeshwa mahali. Akilikwepa beseni, huwa amesahau lilipo, haliwahi, halipendi, au anaumwa.

Anza na umbali, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Kibofu chake ni kidogo na akili yake yote imo mchezoni, hata akakumbuka haja wakati imeshambana. Nyumba nzima kwake ni kama mji mgeni. Mpe chumba kimoja kidogo kwa wiki ya kwanza au mbili: beseni kwenye pembe moja, chakula, maji na tandiko upande wa pili. Kila anapoamka na kila amalizapo kula, mbebe polepole umweke juu ya mchanga, kisha mwache. Usimshike miguu kumchimbisha, wengine huogopa na kulichukia beseni moja kwa moja. Ukisafisha, bakiza kinyesi kidogo siku za mwanzo. Harufu yake ndiyo kibao cha kumwelekeza. Akizoea, mfungulie vyumba vingine kimoja kimoja.

Anapaswa kujua tangu umri gani?

Katika wiki tatu za mwanzo hawezi kujisaidia mwenyewe. Mama humlamba ndipo haja itoke. Ukilea yatima, utaifanya kazi hiyo wewe kwa pamba au kitambaa laini kilicholoweshwa maji ya vuguvugu, kila baada ya kumnywesha. Kati ya wiki ya tatu na ya nne huanza kuparura mchanga. Kwa hiyo wa wiki tano akikosea mara mojamoja, fua kitambaa uendelee na mambo yako.

Beseni gani, na mchanga gani?

Ukingo ndio wa kutazamwa kwanza. Beseni linalomfaa mama yake kwake ni ukuta. Sentimita 5 hivi zinatosha upande wa kuingilia, na beseni la kawaida la plastiki unaweza kulikata mlango, mradi usiache ncha kali. Atakapokua atataka pana zaidi, liwe refu kama mara moja na nusu ya mwili wake, mkia usihesabiwe.

Idadi ni mabeseni sawa na idadi ya paka, na moja la ziada. Yasipangwe mahali pamoja, kwa sababu paka huyahesabu kama choo kimoja, na mkubwa akikaa njiani mdogo hapati pa kupita. Weka mahali patulivu, mbali na sahani ya chakula na mashine ya kufulia. Mashine ikinguruma mara moja wakati amechuchumaa, hilo beseni umelipoteza.

Mchanga uwe laini, usio na manukato, kina cha sentimita 3 hadi 5. Manukato yanatupendeza sisi; pua yake ni kali kuliko yetu na yeye ndiye anayekaa humo. Kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, epuka mchanga unaoganda ukilowa. Watoto wa paka huonja kila kitu, na mchanga ule ukimezwa kwa wingi unaweza kuziba utumbo. Tumia usioganda, au punje za karatasi. Ukitaka kubadilisha aina, changanya kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Chota uchafu kila siku, mara mbili ikiwezekana. Kila wiki mwaga wote uoshe beseni kwa maji moto na sabuni ya kawaida. Dawa za kuua vijidudu zenye fenoli, zile zinazogeuka nyeupe ndani ya maji, ziache kabisa: ini la paka haliwezi kuivunja sumu hiyo.

Wangu anapenda vyungu vya maua.

Basi amekuambia anachopenda. Tia udongo kidogo kwenye mchanga wake, na juu ya vyungu panga mawe ambayo hawezi kuyafukua. Punguza udongo taratibu akishahamia.

Nimeambiwa nimsugue pua kwenye mkojo ili akome.

Usifanye hivyo. Hataunganisha adhabu na kosa. Ataiunganisha na wewe, na kesho atakojolea chini ya kitanda usipomwona. Ukimkuta katikati ya tendo, mbebe bila kelele umpeleke kwenye beseni. Kisha ondoa harufu: kausha, osha, tumia kisafishio chenye vimeng'enya kama kipo. Usitumie chenye amonia, kwani kwa pua ya paka kinafanana na mkojo. Klorini nayo isimwagwe juu ya mkojo, maana huweza kutoa hewa yenye sumu.

Ana miezi sita. Sasa anasimama, mkia juu unatetemeka, na kurusha mkojo ukutani.

Huko ni kuweka alama, si kukosea choo. Huanza anapobalehe, kwa madume zaidi. Kuhasiwa hukomesha tabia hiyo kwa wengi, na kabla haijaanza ni rahisi kuliko baadaye.

Lini nimpeleke kwa daktari wa mifugo?

Paka dume anayeingia na kutoka kwenye beseni, anajikamua, analia, na hakuna mkojo au ni matone tu, apelekwe saa hiyo hiyo. Njia ya mkojo ikiziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Watu hudhani amefunga choo wakasubiri hadi asubuhi. Usisubiri.

Damu kwenye mkojo au kinyesi, kulamba sehemu za siri bila kukoma, na kwenda haja ndogo mara nyingi kidogo kidogo, navyo vinahitaji kuchunguzwa. Kuhara kwa mtoto wa paka kusidharauliwe, kwani mwili mdogo hukaukiwa maji haraka. Sababu za kawaida ni minyoo, vimelea vingine vya tumboni, kubadilishiwa chakula ghafla, au maziwa ya ng'ombe. Akiwa mlegevu, anatapika au hataki kula, apelekwe siku hiyo hiyo. Beba sampuli ya kinyesi kibichi ndani ya kichupa safi, inafupisha uchunguzi.

Nina mimba. Nimgawe?

Hapana haja. Hofu ni kimelea cha toksoplazma, kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, ambacho paka aliyeambukizwa hukitoa kwenye kinyesi, kwa kawaida kwa wiki chache tu. Kinyesi kibichi bado hakiambukizi. Kimelea huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili ndipo kiwe hatari, na ndiyo sababu beseni lichotwe kila siku. Mwachie kazi hiyo mtu mwingine nyumbani. Usipokuwa naye, vaa glavu, kisha unawe mikono kwa sabuni. Paka asipewe nyama mbichi wala kuachwa awinde panya, na wewe nyama yako iive vizuri, kwa kuwa kimelea hicho humfikia mtu kwa njia hiyo pia.